Matroni na Maji ya Jerikeni

Watu wakimkumbuka Matroni wa shule yetu huanza na sauti yake, ile iliyokuwa ikitoka bweni la chini ikafika jikoni bila kupungua. Mimi huanza na mikono yake, kwa sababu nilichangia kuiharibu. Sikuivunja wala kuichoma. Nilinyamaza tu, siku moja, ufukweni Mombasa, na tangu siku hiyo mwanamke aliyetibu watoto wa watu kwa zaidi ya miaka ishirini hajagusa kidonda cha mtu yeyote. Yeye anaamini kosa lilikuwa lake peke yake. Mimi najua halikuwa hivyo, na kwa miaka minne nilikosa ujasiri wa kumwambia. Nitafika huko. Kwanza nataka mumwone alivyokuwa.

Shule yetu ni ya bweni, ya wasichana, huku Tetu milimani, mahali ambapo shamba la majani chai linaanzia nyuma tu ya vyoo. Nilifika pale nikiwa mwalimu mpya wa biolojia, na viatu visivyofaa kwa matope. Mtu wa kwanza kuniambia neno hakuwa mwalimu mkuu, alikuwa Matroni. Aliniangalia miguuni, akasema, "Mwalimu, hivyo viatu ni vya kwenda wapi?" Kesho yake nilikuta gambuti mlangoni mwangu. Zilikuwa kubwa, lakini nilizivaa mwaka mzima.

Mikono yake ilikuwa mipana, kucha fupi kabisa, na ilinuka sabuni ya kipande saa zote. Aliweza kuchuma thabai bila glavu. Kwa msomaji asiye wa huku: thabai ni yale majani yenye vinyweleo vinavyowasha mwili kama moto. Kwetu ni mboga, yanapondwa na viazi na mahindi, lakini kabla hayajaingia kwenye sufuria yanaheshimiwa. Matroni alikuwa akiyashika hivyo hivyo, anayakunja ndani ya aproni yake na kuendelea na maongezi. Ukimuuliza kama hayamuumi, anakwambia yanamuuma sana. Basi.

Alikuwa na mkebe wa biskuti wa zamani, ule wa bati, na ndani yake kulikuwa na pamba, spiriti, chumvi, wembe, uzi, na ile dawa ya zambarau inayomfanya mtu aonekane kama kituko. Huo ndio uliokuwa zahanati yetu. Zahanati ya kweli iko Wamagana, na si mbali, lakini msichana alipelekwa huko tu baada ya Matroni kukubali kwamba ameshindwa, na nilimwona akikubali mara mbili tu. Majipu aliyatumbua yeye. Miiba aliitoa yeye. Msichana aliyemwagikiwa na uji moto jikoni alikaa ameweka mkono kwenye karai la maji kwa muda mrefu sana, Matroni amemshika begani, akimhadithia habari za ng'ombe wake aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine. Ule mkono ulipona bila alama. Mama yake msichana alikuja na debe la viazi kumshukuru, na Matroni akamgombeza kwa kupoteza nauli.

Alikuwa na neno lake. Mtoto akiletwa analia, anamkalisha kwenye kiti, anamkamata mkono, anasema, "Lia, lakini usisogee." Hakuwahi kumwambia mtoto anyamaze. Nilipenda sana hilo. Nimefundisha shule tatu na sijaona mtu mwingine anayempa mtoto ruhusa ya kulia wakati wa kuumia.

Alikuwa na neno la pili pia, na hilo ndilo lililotuponza. Wasichana walikuwa wakipita njia ya mkato kwenda kwenye uwanja wa chini, wanapigwa na thabai miguuni, wanakuja wanaruka ruka. Matroni anachukua kiganja cha udongo mbichi, anasugua pale kwa nguvu, kisha anamwagia maji ya tangi, yale baridi ya kuuma meno, na kabla hujamaliza kuhesabu watoto wengine yule wa kwanza ameshatulia. "Sugua, osha, sahau," alikuwa akisema. Nyuki, siafu, viwavi wa kwenye mti wa parachichi, vyote dawa yake ilikuwa moja. Sugua, osha, sahau. Na huku kwetu, niseme ukweli, ilifanya kazi kila mara. Sijui mtu wa Tetu ambaye angefanya tofauti. Hata mama yangu alinisugua hivyo.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mtu wa kununa. Muhula wangu wa kwanza msichana mmoja alitokwa na damu puani kwenye paredi ya asubuhi, na Matroni akamwinamisha kichwa nyuma. Mimi, na ujuaji wangu wa chuo, nikasema mbele ya shule nzima, "Hapana Matroni, kichwa kinainamishwa mbele, ndiyo damu isiende kooni." Nilisema kweli. Lakini kwa wiki tatu yule mama hakunisalimia. Wapishi wakaanza kunipakulia chai ya chini ya birika. Wasichana wenyewe wakaniangalia kama mtu aliyemtukana nyanya yao kanisani. Nilienda kumwomba radhi kwenye stoo ya blanketi. Akasikiliza, akakunja blanketi nne, halafu akasema, "Mwalimu, ukiona nimekosea, ngoja tuwe wawili." Nikaapa kwamba nitangoja. Na tangu hapo nikawa mtu wa kungoja, hata mahali ambapo kungoja ni ujinga.

Na alikuwa na vituko. Yeye aliyetumbua majipu ya watu bila kupepesa alikuwa akiogopa sindano mpaka unamhurumia. Watu wa afya walipokuja kuchanja wasichana na wafanyakazi, tulimtafuta nusu saa. Tulimkuta amejifungia kwenye chumba cha kufulia, ati anahesabu shuka. Alikataza peremende bwenini, na mfuko wa aproni yake ulikuwa na peremende za mnanaa siku zote. Alisema hapendi watu wa kulialia, halafu siku ya kufunga shule, magari ya wazazi yakianza kuondoka, anapotea nyuma ya jiko na kurudi macho mekundu. Ukimtazama anakwambia ni moshi.

Jambo lingine, maji. Matroni aliamini kwamba maji yanakwisha Thika, ule mji wa njiani kwenda Nairobi. Yanayotoka kwenye mifereji baada ya hapo kwake hayakuwa maji, yalikuwa kitu kingine cha kuoshea gari. Kila tulipoenda safari alipakia jerikeni za maji ya tangi letu. Tulipoenda Mwea kuangalia mashamba ya mpunga, mahali ambapo maji yamejaa hadi barabarani, yeye alibeba yake. Dereva alimcheka njia nzima. Alimjibu, "Cheka tu. Tumbo likikuuma usiniite."

Basi mwaka ule Kidato cha Tatu walipata safari ya Mombasa, na Matroni akapakia jerikeni mbili za lita ishirini.

Wiki moja kabla ya safari nilikaa stafrumu, chumba chetu cha walimu, nikasoma. Mimi pia nilikuwa sijawahi kuingia baharini, na nina woga wa kimya kimya ambao hunifanya nisome. Katika kitabu cha huduma ya kwanza nikakuta habari za yavuyavu, yule mnyama laini asiye na mifupa, mwili wake kama maji yaliyoganda, ambaye ana nyuzi ndefu chini yake. Nikaandika kwenye daftari langu, kwa mwandiko mzuri. Kwamba zile nyuzi zina vifuko vidogo vidogo vya sumu, na hata uzi uliokatika ukabaki kwenye ngozi una vifuko ambavyo havijapasuka bado. Kwamba ukisugua, vinapasuka. Kwamba ukimwagia maji ya kawaida yasiyo na chumvi, vinapasuka. Osha kwa maji yale yale ya bahari. Mwagia siki. Toa nyuzi kwa kibano, au kitu chembamba, si kwa vidole vitupu. Kisha maji ya moto kiasi mwili unaweza kuvumilia, kwa muda mrefu. Akishindwa kupumua, mkimbize hospitali. Nilikuwa najua. Nataka hilo lieleweke vizuri, kwa sababu kuna watu wamenifariji kwa kuniambia kwamba hakuna mtu wa milimani angejua.

Nilitaka kuwasomea wasichana kwenye basi. Matroni akasema, "Mwalimu, hao watoto watashindwa kulala. Wacha mimi niwaambie." Akasimama, akawaambia wasiingie maji yakipita magoti, na wasinunue chakula cha barabarani. Akakaa. Daftari langu likabaki kwenye mkoba.

Saa nne asubuhi ya siku ya pili tulikuwa ufukweni. Wasichana walikuwa na furaha ambayo sijawahi kuona darasani, wanachota maji kwa viganja na kuonja, wanatema, wanaonja tena. Msichana mmoja, nitamwita Wambui, mrefu, mtulivu, aliyekuwa akipenda biolojia, alikwenda mbele kidogo kuliko wenzake. Si mbali. Maji yalikuwa kiunoni. Akapiga yowe moja na kuinua mkono wa kushoto, na kutoka kwenye kiwiko hadi begani kulikuwa na kitu kinaning'inia kama nyuzi za buluu.

Matroni alifika kabla yangu. Aliingia baharini na sketi yake na soksi zake. Alimbeba yule msichana, mkubwa vile, akamtoa, akamkalisha mchangani. Zile nyuzi alizivuta kwa vidole vyake mwenyewe, na niliona uso wake ukikunjamana, kwa hiyo na yeye zilimchoma, lakini hakusema. Vipande vingine vilibaki kwenye ngozi. "Lia mami, lakini usisogee," akasema. Kisha akachota mchanga kwa kiganja, akaanza kusugua.

"Mwalimu, lete maji."

Nilikimbia kwenye basi. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri, kutoka mchangani hadi kwenye basi na kurudi na jerikeni imenivuta bega. Nilifikiri. Niliona ukurasa wa daftari langu wazi kabisa, hadi mstari niliopiga chini ya neno "usisugue". Na nilifikiri pia, Mungu anisamehe, kwamba wasichana arobaini wametuzunguka, na kwamba niliahidi kungoja tuwe wawili. Nikafungua kifuniko. Nikamwaga.

Wambui alibadilika sauti. Kilio chake kilikuwa cha mtu, kikawa cha kitu kingine. "Matroni inazidi," alisema. "Inazidi, inazidi." Matroni akasugua kwa nguvu zaidi, kwa sababu huko kwetu ndivyo unavyofanya ikizidi. "Ongeza maji, mwalimu." Nikaongeza. Jerikeni nzima iliisha. Mistari kwenye mkono wake ilivimba ikawa myekundu, halafu ya zambarau, halafu akaanza kuvuta pumzi kwa shida na midomo yake ikabadilika rangi, na hapo ndipo Matroni alipoangalia juu akanitazama. Sijawahi kuona mtu mzima ananitazama hivyo. Alikuwa ananiuliza. Tulikuwa watu wengi na alikuwa ananiuliza mimi, na mimi nikainamisha macho kwenye jerikeni.

Aliyetuokoa ni mama mmoja muuza mihogo, ambaye alikuja mbio ameshika leso yake. Aliona jerikeni, akaona mchanga mkononi mwa Matroni. "Jamani, nani kamtia maji ya kunywa? Huyo ni yavuyavu, haoshwi kwa maji matamu. Wala hasuguliwi, mwanangu, mwache, mwache." Alimwondoa Matroni mikono kwa upole, kama unavyomwondoa mtoto kwenye kisu. Akamtuma dereva wetu hoteli ya karibu aombe siki, ile tunayomwagia chipsi, na maji ya moto. Yeye mwenyewe akachota maji ya bahari kwa sufuria yake ya mihogo na kuanza kuosha. Dakika chache baadaye tulikuwa ndani ya gari la mtu tusiyemjua, tunakimbizwa hospitali. Matroni alikaa nyuma amempakata Wambui. Mikono yake ameiinua hewani, hamgusi, anamzuia asianguke kwa viwiko.

Wambui hakufa. Alilazwa siku mbili, akapewa dawa za kutuliza na oksijeni, akarudi nasi. Mkono wake una makovu hadi leo, mistari mistari, na anavaa mikono mirefu hata kukiwa na jua. Daktari alisema angechomwa tu na kuumia, kama wengine, lakini sumu iliingia nyingi. Alisema hivyo mbele ya Matroni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaeleza. Matroni aliuliza, "Ni ile kusugua?" Daktari akasema ni kusugua, na ni maji pia. Matroni akashukuru, akaketi.

Tuliporudi aliupeleka mkebe wake wa biskuti ofisini kwa mwalimu mkuu, akauacha mezani. Muhula huo huo, baada ya mkutano wa wazazi, akaacha kazi. Nasikia nyumbani kwake mjukuu alianguka akachubuka goti, na nyanya mtu alisimama mlangoni, mikono ndani ya aproni, akiwaita majirani waje wamtazame mtoto. Majirani walidhani amepooza.

Nilikuwa nikimwona sokoni Wamagana mara moja moja. Tunasalimiana, tunaulizana habari za mvua na bei ya maziwa, tunaachana. Kila mara nilirudi nyumbani nimejichukia, na kila mara nilijiambia kwamba ni wiki ijayo. Mimi ni mtu wa kusema wiki ijayo.

Mwezi uliopita nilienda. Nilimkuta uani anachambua maharagwe kwenye ungo, na vidole vyake vimekuwa vyembamba, sikutegemea hivyo. Alinipa kiti, akanipa chai ya maziwa mazito. Aliniuliza kama bado nina zile gambuti. Nikamwambia zilitoboka. Tukacheka kidogo. Halafu nikamwambia nimekuja kwa ile habari ya Mombasa.

Hakushtuka. Alisema, "Kuja tu uniambie vile ilifaa nifanye. Hakuna mtu ashawahi niambia yote. Wananionea huruma."

Basi nikamfundisha. Nilimwambia maji ya bahari, siki, kibano, maji ya moto. Nilimweleza vile vifuko vidogo, na kwa nini maji yetu mazuri ya mlimani yanavipasua. Alisikiliza kama wanafunzi wangu hawajawahi kunisikiliza. Alinirudisha nyuma mara mbili. Aliuliza maji ya moto yanakuwa moto kiasi gani, nikamwambia kama ya kuogea mtu mzima, si mtoto. Aliangalia viganja vyake, akavigeuza, na kwa mara ya kwanza niliona kama kuna kitu kinamrudia, na nikafurahi, na nikatamani niishie hapo ninywe chai yangu niende.

"Hiyo yote umesoma ukiwa wapi?" akauliza. "Kwa sababu imekuingia vizuri."

"Stafrumu."

"Tukiwa tumerudi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Nikasema, "La, Matroni. Kabla hatujaenda. Wiki moja kabla."

Aliacha kuchambua. Kuku alipita kati yetu, akadonoa maharagwe kwenye ungo, na hakuna aliyemfukuza.

"Kwa hivyo ukienda kuleta maji ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na nikikwambia ongeza."

"Nilikuwa najua. Niliogopa kukukosoa mbele ya watoto. Nisamehe, Matroni."

Alisukuma ungo kando.  Nilisikia mtu anapiga pikipiki kiki barabarani, inakataa, anapiga tena. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, hata kufukuzwa, na njiani nilikuwa nimepanga maneno ya kuitikia. 

"Ile siku ya mkutano wa wazazi," akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Nilisimama mbele ya baba yake Wambui na mama yake. Nikasema si shule, si mwalimu, ni hii mikono yangu. Nikapiga magoti. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulikuwa umekaa wapi?"

"Kando yako, Matroni."

Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta mahali alipoweka kitu.

"Ni kweli," akasema. "Ni wewe nilipatia mkoba wangu unishikie."